Mkonga, Hema na Mizani: Kulifufua Gari la Zamani kwa Safari za Porini

Kabla sijanunua hata boliti moja, nililipeleka gari langu kwenye mizani ya kupimia vyuma chakavu Buguruni. Ni Land Cruiser hardtop ndefu ya mwaka 1995, aina ya HZJ75, ile ambayo Dar watu huiita mkonga, kwa jina la bomba lake la pembeni la kuvutia hewa. Tupu, bila abiria wala mzigo na mafuta yakiwa kidogo, ilisoma kilo 2,190. Nilirudi na gari lilelile miezi kumi na minne baadaye likiwa tayari kwa safari: hema juu, friji nyuma, maji, madumu ya dizeli na familia ndani. Mizani ikasoma kilo 3,230. Niliposhuka na kukisoma kibao cha kiwanda kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, nikakuta nimekipita.

Kwa hiyo nikaanza kupunguza, na kazi ya kupunguza ndiyo iliyonifundisha namna vitu hivi vinavyofungamana. Watu wengi wanaoanza kazi hii huuliza tairi gani, hema gani, winchi ya tani ngapi. Maswali hayo ni halali, lakini jibu la kila moja linategemea kilo. Kila unachofunga kwenye gari kinabebwa na springi, kinazungushwa na ekseli, na mwisho wa siku kinasimamishwa na breki zilizoundwa miaka thelathini iliyopita kwa mzigo fulani, si zaidi ya hapo.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaa wa Gerezani, kilo 65. Hema la juu, 60. Tairi la pili la akiba pamoja na rimu yake, 38. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kama 42 pamoja na madumu yenyewe. Hapo paa peke yake limeshabeba kilo 205. Bampa la chuma na winchi mbele, 110. Betri ya pili, 25. Droo za mbao nyuma, 80. Friji na vilivyomo, 42. Maji lita 60, kilo 60. Watu wanne, 300. Vifaa, vyombo na chakula, 70. Tangi mbili za gari zikijazwa, dizeli ikiwa na kama gramu 840 kwa lita, zinaongeza karibu kilo 150. Jumlisha mwenyewe uone inavyopita tani moja bila mtu kubeba hata kitu kimoja cha anasa.

Na kilo hazilingani. Kilo 205 za juu ya paa hulivuta gari pembeni kwenye kona na kwenye mteremko wa ubavu kuliko kilo 205 zilizo sakafuni. Bampa na winchi viko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo ekseli hiyo inabeba zaidi ya kilo 110 huku ya nyuma ikipunguziwa kidogo, kama mtoto anayekaa kwenye ncha ya ubao wa kubembea. Nilipoelewa hilo, nilianza kuhamisha vitu. Madumu ya dizeli yaliondoka juu, kwani tangi mbili zinatosha kabisa kwa safari za kwetu. Tairi la pili lilibaki nyumbani, nafasi yake ikachukuliwa na boksi la viraka na pampu. Droo nilizitengeneza upya kwa mbao nyembamba.

Kuna jambo moja la kuweka sawa kabla ya kuendelea. Tunaposema gari la porini hapa kwetu, mara nyingi hatumaanishi kuacha njia na kukata nyika. Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku kuendesha nje ya barabara. Tunachohitaji ni gari la kukufikisha mwisho wa njia mbaya: mchanga wa kuelekea Saadani, mfinyanzi mweusi baada ya mvua, makorongo ya njia ya Kibiti hadi Mloka unapokwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mashimo yanayofichwa na maji. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayodai tairi za inchi 35. Zinachodai ni gari zima, lisilochemka, linaloshika breki na lisilokatika chini.

Kutu ya pwani

Gari lililoishi Dar miaka mingi, hasa Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni, limekuwa likipumua chumvi kila usiku. Mwenye gari huona rangi inang'aa akadhani bodi ni salama. Kutu huanzia usipopaona: kwenye mfereji wa paa, chini ya raba ya kioo cha mbele, kwenye kona za sakafu chini ya kapeti, na kwenye chesisi pale springi za nyuma zinapoungana nayo. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote kwa utaratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Pale penye sauti ya kufa, sukuma bisibisi. Kwangu ilizama hadi mpini, sentimita kumi kutoka kwenye bano la springi ya kushoto.

Fundi wa kwanza alitaka kubandika bati juu ya tundu, apake puti, apige rangi nyeusi, tuondoke. Nilimkatalia. Bati juu ya kutu ni kifuniko cha sufuria, maana unyevu unabaki ndani na kula huendelea. Sehemu iliyooza inakatwa hadi ufike chuma cheupe, kinawekwa kipande kipya chenye unene ule ule, kinachomelewa pande zote, kinapakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya msingi yenye zinki, na mwisho nta inayopulizwa ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Kabla ya kuchomelea, ondoa waya za betri zote mbili na ukate waya wa alteneta, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea huua vifaa vidogo vya ndani ya alteneta.

Kuhusu ile desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari ili lisile kutu, nimeiona gereji nyingi na ninaipinga waziwazi. Oili chafu hushika vumbi, hugeuka kuwa tope jeusi linaloficha nyufa, na hulainisha bushi za mpira mpaka zinavimba.

Injini, maji na breki

Kizazi cha Land Cruiser 70 kilianza kuuzwa mwaka 1984, na injini ya 1HZ ikaingia mwaka 1990: silinda sita, dizeli, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo (feni ya kuisukumia hewa) wala kompyuta ya kuiongoza. Ndiyo sababu tunaipenda. Fundi wa Ifakara na fundi wa Mpanda wote wanaijua, na spea zake Kariakoo ni nyingi, za bei zote na za ukweli wote. Mkanda wa taiming unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukinunua gari na historia yake huijui, badilisha siku hiyohiyo pamoja na beringi ya kuukaza, na usichukue mkanda wa bei ya chini. Mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

Kuna kishawishi cha kuifungia tabo ili ipande milima. Injini hii huchoma dizeli kwenye vyumba vidogo vya pembeni ndani ya silinda hedi, na joto la ziada huipasua hedi karibu na vyumba hivyo. Waliofanya vizuri wanafunga kipimo cha joto la moshi na wanaongeza mafuta kwa kiasi kidogo sana. Mimi nimeiacha ilivyo. Kilomita 90 kwa saa kwenda Morogoro zinanitosha, na kwenye mteremko wa Kitonga gari zito linahitaji kushikwa na gia kuliko kusukumwa na tabo.

Kuchemka ndiko kunakoua injini nyingi. Sababu ya kwanza Dar ni maji. Nyumba nyingi zinatumia visima, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Dereva anachota ndoo, anaongeza kwenye rejeta, na baada ya miaka michache rejeta imeziba na wota pampu imeliwa. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini, uibadilishe kwa wakati. Sababu ya pili ni themostati, vali inayoongoza mzunguko wa maji kulingana na joto, kutolewa. Gari likichemka, fundi anaing'oa na kusema sasa halitachemka tena. Kumbe kilichoziba bado kimeziba, na sasa injini barabarani inakimbia ikiwa baridi, inakula mafuta na kuchakaa. Fungua rejeta isafishwe, badilisha paipu, angalia feni, rudisha themostati.

Breki ningeziweka mbele ya kila kitu kama pesa zingekuwa chache. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Ikichemka kwenye mteremko, pedali inazama. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Paipu za mpira za kwenye magurudumu zikifika miaka ishirini huvimba ndani huku nje zikionekana nzima. Zote zitoke.

Halafu ekseli ya mbele. Fungua hubu, yaani kitovu cha gurudumu, utazame grisi. Ikiwa nyepesi, nyeusi na inanuka oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli), ujue oili sili ya ndani imechoka na oili imepenya hadi kwenye kiungo na beringi. Hiyo ni kazi ya siku mbili na ni chafu, lakini ikifanyika hubaki salama muda mrefu.

Kuinua gari, na kile kisichoinuka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutoelewa. Magari haya yana ekseli nzima, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu ikiwa kwenye ekseli hiyo. Ukiweka springi ndefu zinazoinua gari milimita 50, bodi na chesisi hupanda milimita 50. Difu haipandi hata milimita moja, kwa sababu yenyewe imekalia magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha kama milimita 806. La 285/75R16 lina kama 834. Tofauti ni 28, difu inapata 14. Ni upana wa kidole. Kwa kidole hicho utakuwa umeongeza uzito wa magurudumu, umefanya gia ziwe ndefu, na spidi mita itasoma 80 ukiwa unakimbia karibu 83.

Springi mpya zina kazi nyingine, na ni kazi ya kweli: kubeba uzito ulioongeza bila gari kuketi chini nyuma, na kuipa bodi pembe nzuri ya kuingia na kutoka kwenye korongo. Ndiyo maana mizani inatangulia. Springi huchaguliwa kwa kilo zinazokaa juu yake kila siku. Fundi wangu alinishauri kwa nia njema kabisa.

"Bosi, tuongeze jani moja la springi kila upande, mambo yamekwisha."

Nikamuuliza, "Na nikiwa tupu, fundi?"

Akatabasamu. "Ukiwa tupu itakuwa ngumu kidogo."

Ugumu huo kidogo ndio unaopasua maungio ya keria kwenye barabara ya matuta, unaolegeza boliti na kuvunja mabano ya betri. Ni afadhali seti nzima iliyotengenezwa kwa uzito wako, pamoja na shokapu zake. Kwa magari ya 1999 na kuendelea, ambayo mbele yana springi za koili, kuinua kunabadilisha pia mlalo wa ekseli, na usukani unaanza kutangatanga barabarani hadi ufunge bushi za kurekebisha.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho karibu kila mtu hukisahau. Lala chini ya gari, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Utaona mkono mwembamba wa chuma unaotoka kwenye ekseli hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Vali hiyo hupima mzigo. Gari likikaa chini, inajua umepakia, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiwa juu, inajua uko tupu, inazipunguza ili nyuma isiteleze. Sasa wewe umeinua gari milimita 50 kisha umepakia tani moja. Vali bado inadhani uko tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba kila kitu na kuchemka. Dawa ni kuurekebisha mkono huo au kuuhamisha kwa kipande cha chuma chenye urefu sawa na ulioinua. Kazi ya saa moja. Nimelitazama gari baada ya gari lililoinuliwa hapa mjini, na mkono huo haujaguswa.

Kwenye tairi nitakuwa mfupi. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba iliyogongwa ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lina miaka kumi ni hatari, usilinunue. Kisha nunua pampu ya umeme na kipimo cha upepo. Kutoa upepo kutoka psi 38 hadi 18 kwenye mchanga hulirefusha tairi pale linapogusa ardhi, na gari lililokuwa linajichimbia kaburi linaanza kuelea. Hakuna kifaa cha bei hiyo kinachokupa faida kubwa kuliko hiyo. Kwenye mfinyanzi mweusi upepo mdogo husaidia kidogo tu, kwa kuwa tope hujaa kwenye kashata. Huko ni minyororo, au kusubiri jua.

Mkonga bila kupumua

Mkonga si pambo, na kazi yake ya kila siku ni vumbi kuliko maji. Ukifuata gari lingine kwenye barabara ya vumbi, hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile ya kwenye bonneti, na filta inadumu. Kwa upande wa maji, mkonga unasaidia pale tu kila kiungio kuanzia kichwa chake hadi kwenye injini kimezibwa. Mingi niliyoikagua ina tundu mahali fulani, mara nyingi chini ya boksi la filta, ambapo kiwanda kiliweka raba ya kutolea vumbi. Maji yakiingia kwenye silinda, pistoni inapanda na kukutana na kitu kisichobanwa. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Kinachopinda ni koni rodi, chuma kinachoishika pistoni.

Lakini kuna mlango wa pili wa maji. Difu na gia boksi zina matundu ya kupumulia, kwa sababu oili ikipata joto hewa ndani hutanuka. Umekimbia saa mbili, difu ni ya moto, ukaitumbukiza kwenye mto. Inapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na tundu linavuta. Kama liko chini ya maji, linavuta maji. Siku chache baadaye ukifungua boliti ya difu, inatoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeshaanza kuliwa. Nunua mita chache za paipu ya kuhimili mafuta, unganisha matundu yote, uyapandishe hadi ndani ya chumba cha injini juu kabisa. Ni gharama ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wanne, na mkonga bila kazi hiyo umekamilika nusu.

Umeme wa kambini

Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta ampea tatu hadi nne inapofanya kazi, na kwa joto letu itafanya kazi kama nusu ya muda. Kwa siku nzima hiyo ni kama ampea-saa 40. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu, vinginevyo inakufa mapema. Hivyo una usiku mmoja na asubuhi yake, na lazima ijazwe. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inatoa 80 au zaidi na ina nusu ya uzito, ila haipendi joto la chumba cha injini, kwa hiyo iweke ndani ya gari na uijaze kwa chaja yake maalumu, si kwa waya wa moja kwa moja kutoka alteneta.

Betri ya friji itenganishwe na ya kuwashia, ili asubuhi gari liwake. Na kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyoko mwisho wa waya inalinda friji tu. Waya wenyewe ukichunika na kugusa chesisi, moto unawaka kabla fyuzi haijajua kitu.

Kwa kuvuta gari lililokwama, nina ombi moja. Kamwe usifunge mkanda kwenye mpira wa chuma wa kukokotea trela. Mpira huo ukikatika unaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano iliyoboltiwa kwenye chesisi, kwa pete ya chuma iliyoandikwa uzito wake, na watu wasimame mbali.

Upande wa karatasi, kadi ya gari inataja rangi na namba ya injini. Ukivibadilisha, nenda TRA, mamlaka ya mapato, kadi irekebishwe, na kampuni yako ya bima iambiwe ulichofunga.

Safari ya kwanza isiwe Ruaha. Mimi nilikwenda Kisarawe, usiku mmoja, kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, saa moja na nusu kutoka nyumbani. Baada ya kilomita 50 nilisimama pembeni, nikagusa kila hubu kwa mgongo wa kiganja. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kushoto iliniunguza; beringi ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Nilinyanyua gurudumu kwa jeki, nikalegeza nati kidogo, nikafunga. Jioni nilizungusha spana kwenye boliti zote za keria na springi, na kumi na moja zilikubali kuzunguka.

Asubuhi mke wangu aliteremka ngazi ya hema na kukuta nimelala chini ya gari na tochi mdomoni. Alinipa chai, akauliza kama tunaendelea au tunarudi. Hubu ilikuwa imepoa. Tuliendelea.